Kitanda Kina Mtu au Hakina? Kuchagua Kihisi cha Kumlinda Mzee Usiku

Mama yangu anaishi Tanga na dada anayemsaidia. Tangu alipopata kiharusi mguu wake wa kushoto haumtii sawasawa, na shida yetu kubwa imekuwa usiku. Huamka saa nane au saa tisa, anataka kwenda chooni, na hataki kumsumbua mtu. Mdogo wangu akanunua Kariakoo ile taa inayoitwa "ya sensa", inayowaka yenyewe mtu akipita. Akaipachika ukutani juu ya kitanda, akaiunganisha na kengele kwa kanuni iliyoonekana ya maana kabisa: kihisi kisipoona mtu kwa dakika kumi, kengele ilie.

Usiku wa kwanza dada alikurupuka mara tatu. Mara zote tatu alimkuta Mama amelala fofofo ndani ya chandarua. Karibu na alfajiri Mama aliinuka kwelikweli, akaenda chooni akishika ukuta, akarudi. Kengele haikulia hata kidogo. Kihisi kilikuwa kinatuambia kinyume cha tulichokuwa tunauliza.

Nimeona familia nyingi zikiingia katika mtego huu, na wauzaji hawasaidii, kwa sababu kila kitu dukani kinaitwa "sensa ya mtu". Tuanze basi na maneno.

Kihisi, au sensa kama wengi wasemavyo, ni kifaa kinachogeuza hali fulani ya ulimwengu kuwa umeme unaoweza kusomwa kama namba. Hali hiyo yaweza kuwa joto, uzito, mwanga au unyevu. Kihisi hakijui kitanda ni nini, wala mama ni nani. Hakuna kihisi duniani kinachohisi "mtu yuko kitandani". Kuna kinachohisi joto lililosogea, kuna kinachohisi kilo, kuna kinachohisi kifua kikipanda na kushuka. Hilo la mtu kuwa kitandani ni hukumu tunayoitoa sisi kutokana na ushahidi tulioletewa, na ushahidi ukiwa wa jambo jingine, hukumu itapotoka.

Jambo la kwanza kulitenganisha ni msogeo na uwepo. Fikiria duka lenye kengele mlangoni. Kengele ikilia unajua kuna mtu kapita. Hujui kama aliingia au alitoka, na baada ya nusu saa ya kimya huwezi kuapa kwamba duka ni tupu, maana huenda mteja amekaa kwenye kiti anakunywa soda. Kengele ya mlango ni kihisi cha msogeo. Kutazama kiti kama kimekaliwa ni habari ya uwepo. Mtu aliyelala ni yule mteja kwenye kiti: yupo kikamilifu, na hasogei.

Taa ya Kariakoo ni kihisi cha msogeo. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachopokea joto linalomulika kutoka kwenye miili yetu, mwanga ambao macho hayauoni. Mbele yake kuna kofia nyeupe ya plastiki yenye vijicho vingi kama jicho la nzi, na kila kijicho kinatazama upande wake wa chumba. Mtu akitembea, joto lake linahama kutoka kijicho kimoja hadi kingine, na kuhama huko ndiko kunakoiwasha taa. Akitulia, hakuna kinachohama, na kwa kifaa hicho ni kama hayupo. Si ubovu. Kimeundwa hivyo kwa makusudi, ili kisiwake kwa sababu ya ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa.

Kwetu pwani kuna tatizo la ziada ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo. Kifaa hiki huona tofauti kati ya joto la mwili na joto la chumba. Ngozi ya mtu huwa na nyuzi joto 32 hadi 34 hivi. Katika chumba chenye nyuzi 20 tofauti hiyo ni kubwa. Katika chumba cha Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa Februari, kikiwa na nyuzi 29 au 30 bado saa tano usiku, tofauti inabaki ndogo sana na kihisi kinapungukiwa uwezo. Wanaolalamika kwamba taa yao hufanya kazi vizuri mwezi wa Julai na kusuasua Januari wanasema kweli.

Basi kifaa hiki kina kazi, ila si kitandani. Mahali pake ni kwenye njia ya chooni, kumwashia mtu taa anapopita. Ndipo tulipokihamishia.

Mizani chini ya matendegu

Ukiniuliza nikushauri jambo moja tu, nitakuambia: pima uzito. Mtu aliyelala anaweza kutulia, anaweza kufunikwa blanketi tatu, chumba kinaweza kuwa na joto la tanuri, lakini kilo zake haziwezi kujificha. Kitanda chenye mama wa kilo 56 ni kizito kwa kilo 56 kuliko kitanda kile kile bila yeye. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Kihisi chenyewe si cha ajabu. Mizani ya bafuni, ile ya kioo watu wanayosimama juu yake, ina vinne ndani, kimoja kila kona. Ni kipande cha chuma kilichobandikwa uzi mwembamba sana wa kupitisha umeme. Uzito ukikandamiza, chuma hupinda kiasi ambacho jicho halioni, uzi hurefuka pamoja nacho, na uzi ukirefuka unakuwa mwembamba zaidi na kuzuia umeme zaidi kidogo. Kidogo hicho ndicho kinachopimwa. Mbinu hii ilibuniwa mwaka 1938 na Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake bila kushirikiana na mwenzake, na hadi leo ndiyo inayopima malori barabarani na sukari kwenye duka la rejareja.

Unaweka kimoja chini ya kila tendegu la kitanda, unaviunganisha na kisomaji kidogo cha elektroniki na bodi yenye Wi-Fi, basi. Fundi wa elektroniki yeyote mwenye uzoefu atavielewa. Lakini kuna mambo manne ambayo tuliyajua baada ya kuumia, nawe unaweza kuyajua kabla.

La kwanza ni uwezo. Vile vidogo vya mizani ya bafuni hubeba kilo 50 kila kimoja. Vinne ni kilo 200, na mtu anaona zinatosha. Hazitoshi. Kitanda chetu ni cha mninga, na pamoja na godoro kina kilo 74. Mtu mzima akija kumsalimia Mama akakaa kona moja, kona hiyo inabeba robo ya kitanda na karibu mgeni mzima. Chuma kilichopindishwa kupita kiasi hakirudi, na kuanzia hapo namba zake ni za uongo. Chukua vyenye uwezo mkubwa zaidi, kilo 100 kwenda juu kwa kila tendegu.

La pili ni kimo, na hili hakuna aliyetuambia. Vihisi pamoja na vikalio vyake vya mbao viliinua kitanda sentimita 3. Kwa kijana si kitu. Mama, ambaye ni mfupi, alikaa ukingoni na kisigino cha mguu wa kushoto hakikugusa sakafu. Tulikuwa tumeleta kifaa cha kumzuia asianguke, na kifaa chenyewe kikawa kinamwandalia kuanguka. Seremala alikuja siku ile ile akakata matendegu sentimita 3.

La tatu ni sifuri. Muuza nyama akiweka karatasi kwenye mizani anairudisha kwenye sifuri kwanza, ndipo anapima nyama. Kitanda nacho kina karatasi zake: blanketi mpya, mito, kanga zilizokunjwa, msahafu, na siku ya kufua rundo zima la nguo. Zaidi ya hapo, chuma kilichobebeshwa mzigo mfululizo kwa wiki nyingi hulegea polepole na namba hupanda au kushuka zenyewe, hasa joto likibadilika. Anayetaka kumpima Mama uzito wake kamili atateseka. Sisi hatutaki uzito wake. Tunataka kujua kama kilo hamsini na kitu zipo au zimeondoka, na kilo mbili za kuyumba hazibadilishi jibu. Inatosha mashine ikijirekebishia sifuri yake mchana, kitanda kinapokuwa kitupu kwa muda mrefu.

La nne ni kuweka mipaka miwili badala ya mmoja. Ukisema "zaidi ya kilo 30 yupo, chini ya kilo 30 hayupo," basi kila atakapojigeuza na namba ikaruka kidogo juu na chini ya 30, kengele italia na kunyamaza na kulia tena. Tazama boya la tangi la maji. Pampu huwaka maji yakishuka hadi chini na huzimika yakijaa juu. Haiwaki na kuzimika kwenye mstari mmoja, ingekuwa imeungua zamani. Sisi tuliweka hivi: kitanda kina mtu ikizidi kilo 35 juu ya uzito wa kitanda kitupu, na hakina mtu ikishuka chini ya 15. Katikati, jibu la mwanzo linabaki.

Mizani ina upofu wake, na ni haki kuusema. Inajua kuna mzigo, haijui ni nani. Mjukuu wa kilo 20 akilala na bibi yake, kisha bibi akainuka, kitanda bado kina mtu, ila si yule tunayemhofia. Hapo usisome uzito uliobaki, soma uzito ulioondoka: kilo hamsini zimetoka kwa mara moja, na hakuna mtoto wa kilo hamsini mle ndani.

Faida kubwa kuliko zote inatokana na kusoma kila tendegu peke yake badala ya kujumlisha manne. Mama akilala katikati, uzito wake unagawanyika pande mbili. Akigeuka na kukaa ukingoni kuliani, matendegu ya kulia yanabeba karibu wote, ya kushoto yanabaki na mbao tu. Na jumla yenyewe inapungua, kama kilo 10 hivi, kwa sababu miguu imeshuka na kuegemea sakafu. Namba hizo mbili zikienda pamoja zinasema jambo moja: amekaa kitako, miguu iko chini. Bado hajasimama. Dada ana dakika moja, pengine zaidi. Akisubiri hadi uzito ufike sifuri, Mama tayari yuko wima, na kusimama huko huchukua sekunde moja au mbili.

Mizani ikiwa nyeti sana huona mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1877 mtafiti mmoja, J. W. Gordon, alieleza jinsi mshale wa mizani unavyotikisika kwa mpigo wa moyo wa mtu aliyesimama juu yake kimya, kwa sababu damu inaposukumwa upande mmoja mwili hurudi nyuma kidogo, kama mtumbwi unavyosukumika abiria akiruka kwenda gatini. Baadhi ya mikeka ya siku hizi inayowekwa chini ya godoro inasoma pumzi na moyo kwa kanuni hiyo hiyo.

Ukanda wa godoroni

Wasiotaka kugusa matendegu hununua ukanda mwembamba wa kuhisi mgandamizo, unaolazwa kwa upana wa kitanda juu ya chaga, chini ya godoro, usawa wa kifua. Ni rahisi kufunga na haubadilishi kimo. Lakini godoro nene la sponji hutawanya uzito, chaga zilizoachana huacha ukanda ukining'inia pasipo kugandamizwa, na kwenye kitanda cha kamba hakuna kitu kigumu cha kuukandamizia. Wenye kitanda cha kamba warudi kwenye matendegu. Na ule mkeka unaolazwa juu ya godoro, chini ya shuka, hakikisha haupitishi maji, na uangalie kama haumkwaruzi mzee mwenye ngozi laini.

Rada, na hofu ya mionzi

Sasa kuna vifaa vidogo kama sanduku la kiberiti vinavyoitwa rada. Vinatuma mawimbi ya redio na kusikiliza yanavyorudi, kama mtu anayepiga kelele kisimani na kusikiliza mwangwi. Mawimbi haya ni mafupi mno: kwa kifaa cha gigahezi 24 urefu wa wimbi ni milimita 12 na nusu, kwa cha gigahezi 60 ni milimita 5. Kwa hiyo kifua kinachopanda milimita chache tu kwa pumzi kinabadilisha mwangwi, na rada inamwona mtu aliyelala bila kusogea. Hii ni tofauti kubwa na ile taa.

Watu wengi wanaiogopa kwa neno moja, mionzi. Neno hili kwa Kiswahili limebeba mizigo miwili. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe ndani ya mwili, ndiyo maana mpiga picha hospitalini hujificha nyuma ya ukuta. Mawimbi ya redio, yale ya simu, Wi-Fi na rada hizi, hayana nguvu ya kuvunja namna hiyo hata yakiwa mengi, yakizidi sana yanachofanya ni kupasha joto. Na rada ya chumbani hutuma kiasi kidogo mno, kwa kawaida chini ya kile kinachotumwa na simu unayoiweka sikioni. Hofu nyingine ni kwamba inamwona mtu bila nguo. Vifaa hivi vya bei nafuu havitengenezi picha. Vinatoa umbali na ukubwa wa msogeo, basi.

Shida halisi ya rada ni nyingine, na ni ya nyumba zetu hasa. Pangaboi linalozunguka ni msogeo usiokwisha. Chandarua kinachopepea kwa upepo wa feni nacho kimo. Ubao mwembamba na jipsamu havizuii mawimbi haya kikamilifu, kwa hiyo anayejigeuza chumba cha pili huhesabiwa kuwa wa chumba hiki. Na dada anayelala kitanda cha pembeni anapumua pia. Rada nyingi za aina hii hukuruhusu kusikiliza umbali fulani tu, kwa vipande vya sentimita 75 hivi, lakini vitanda viwili vilivyokaribiana huangukia kipande kimoja. Anayelala peke yake chumbani, kuta za tofali, feni ya mezani iliyogeuziwa pembeni, rada itamfaa. Kwetu haikufaa.

Kamera sitaiandikia marefu. Inaweza kufanya kazi hii, na wengine hawana budi. Lakini chumba cha mama ni mahali anapovua nguo na kujifunga kanga, na picha ikishaingia kwenye intaneti huna namna ya kuirudisha. Kama kilo zinatosha kujibu swali, sioni sababu ya kuchukua picha. Tulipomweleza Mama habari ya mizani aliuliza, "Mwanangu, ndiyo mnanipima kama gunia la mpunga?" Nikamwambia, "Hapana Mama, tunakipima kitanda." Akafikiri kidogo, akasema hilo halina neno. Kumweleza na kungoja ridhaa yake kulichukua siku mbili, na hazikupotea.

Kengele haimshiki mtu mkono

Dhana iliyo hatari kuliko zote ni kwamba ukishafunga kihisi, mzee hataanguka. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika wodi 16 za hospitali moja ya Marekani, wagonjwa zaidi ya 27,000. Wodi zilizohimizwa kutumia kengele za kitandani zilizitumia kwelikweli, na bado idadi ya walioanguka haikupungua kwa kiasi cha maana. Haishangazi ukikaa ukafikiri. Kengele inaita mtu. Kama hakuna mtu, au yuko mbali, au imekwisha kulia uongo mara nyingi hata dada akaacha kuamka, kengele ni sauti tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wa wanaokufa ni wazee. Mkeka unaoteleza uondolewe, njia ya chooni iwe na mwanga, kuwe na kitu imara cha kushika, dawa za usiku zizungumzwe na daktari. Haya yaje kwanza, kihisi kifuate.

Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mfumo wenye majibu mawili tu. Umeme ukikatika, Wi-Fi ikianguka, panya akikata waya, mfumo mwingi hubaki umeganda kwenye jibu la mwisho: "yupo". Mtu analala usingizi kwa kutegemea jibu la jana. Dai jibu la tatu, "sijui". Wetu hutuma alama kila nusu dakika, na simu ya dada isipoipata kwa dakika mbili inalia kwa mlio tofauti kabisa. Tumeweka na betri, ya kifaa na ya ruta pia, maana betri ya kimoja bila kingine haina faida.

Tulipomaliza yote haya, kengele ikaanza kulia kila usiku saa kumi kamili. Mizani haikukosea: matendegu ya kulia mazito, kilo kumi zimeshuka, Mama amekaa kitako. Dada akaingia, akamkuta ukingoni mwa kitanda anavuta tasbihi, kama alivyofanya miaka yote, na wala hakuwa na nia ya kusimama. Akakatizwa usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu akakasirika.

Tukabadilisha kanuni, vihisi tukaviacha vilivyo. Sasa akikaa, inawaka taa ndogo ya njano usawa wa sakafu, kutoka kitandani hadi mlango wa choo, na simu ya dada inatetemeka mara moja tu bila mlio, ajue yuko macho. Mlio unatoka jumla ikianza kuporomoka, kilo ishirini ndani ya sekunde moja, anapoinamia mbele kutafuta miguu yake. Hapo dada huwa amekwisha kukaa kitandani kwake, kandambili zimeshavaliwa.